Ramli ya Pili

Ngara,
11 Agosti 1996

Mjomba Pancras, shikamoo.

Naandika nikiwa sokoni, ndizi zangu pembeni, kwa hiyo usinikosoe mwandiko. Nakusalimu wewe, Mama Laurian na watoto. Mama anasema nikuambie kwamba Biharamulo si Ulaya. Yeye ni mzima, ila mguu bado unavimba jioni. Kanisani anakwenda kwa miguu vilevile, na ukimuuliza anasema hauumi. Francisca ameota meno ya juu, sasa anauma kila kitu, hata rozari ya bibi yake.

Huku watu wamekuwa wengi mpaka unasahau mji ulivyokuwa. Mahindi ya msaada kutoka kambi za wakimbizi yanauzwa sokoni kwa bei ambayo mkulima haiwezi, ndiyo maana nimerudi kwenye ndizi. Nduwayo anakusalimu. Wako majirani ambao mpaka leo wanamwita mume wangu mkimbizi, hata baada ya padre kutufungisha ndoa, lakini yeye huitika tu. Siku hizi halali vizuri. Nafikiri ni joto.

Mjomba, nina swali. Uliponifundisha kidato cha pili, kabla sijaacha shule, siku moja ulisema darasani kwamba mtu angejua kila chembe ya dunia iko wapi na inakwenda wapi, angeijua na kesho yote. Tulicheka. Nataka kujua kama ulikuwa unatania, au ndivyo sayansi inavyosema. Je, yatakayotokea yameshawekwa, au bado? Nijibu wazi, kama unavyojibu wanafunzi.

Na ukipata likizo, njoo. Tangu msiba wa baba hujakanyaga huku.

Mpwa wako,
Domisiana


Biharamulo,
1 Septemba 1996

Mpwa wangu Domisiana, marahaba.

Barua yako Shibuda aliniletea inanuka dizeli na dagaa. Tumshukuru dereva huyu na lori lake, maana posta ingeileta Noeli. Sisi ni wazima. Mama Laurian alipanda mchicha nyuma ya jiko, mbuzi wa jirani wakaula, kwa hiyo na sisi tuna vita yetu. Laurian yuko darasa la tano. Hesabu anapata, Kiswahili hapati, sijui karithi kwa nani. Mwambie dada Petronila kwamba nakubali Biharamulo si Ulaya, ila siku hizi ni rahisi mtu kutoka Ulaya kuliko kutoka huku. Magari yanasubiriana Lusahunga mpaka askari wapatikane, ndipo yanavuka pori kwa msafara. Barabara ikitulia nitakuja.

Swali lako nimemsomea Mama Laurian kwa sauti. Wanafunzi wangu wa zamani huniandikia kuomba nauli. Hakuna aliyewahi kuniandikia kuuliza fizikia, na sikufichi, nimefurahi kama mtoto.

Jibu ni hili: sikuwa natania. Ukirusha jiwe, pale litakapoangukia pameshaamuliwa tangu lilipoachana na mkono wako. Anayeshangaa ni yule asiyejua hesabu. Na sisi tumeumbwa kwa vitu vilevile vya jiwe. Ubongo ni nyama, chumvi na umeme kidogo. Ukisema "nimeamua," ujue kuna mambo elfu yamekusukuma kabla hujafungua mdomo: ulichokula, ulichokiogopa utotoni, mama aliyekuzaa. Sijaona mahali katika mnyororo huo ambapo mtu anachomoka na kusimama nje.

Fizikia ya karne hii imekwenda mbali zaidi. Imeonyesha kwamba hakuna "sasa" moja ya ulimwengu wote. Mtu aliyetulia na mtu anayekimbia kwa kasi ya ajabu hawakubaliani ni mambo gani ya mbali yametokea na yapi bado, na hakuna hakimu wa kusema nani kakosea. Ukilifuata wazo hilo mpaka mwisho unakuta jana, leo na kesho zote zipo. Sisi tunazipitia tu.

Nikupe mfano. Tumchukue mkwe wangu Nduwayo, maana kwao najua ni Muyinga, ng'ambo Burundi. Tuseme ametoka Ngara anakwenda kumsalimu mama yake. Yuko mtoni, hajavuka. Wewe utasema kufika kwake bado hakujawa. Mimi nasema kufika kwake kupo tayari, mahali pake, kama nyumba ya mama yake ilivyopo hata kama yeye haioni kutoka mtoni. Hakutengenezi kwa miguu yake. Anakwenda kukuta kufika huko kunamsubiri.

Soma taratibu. Ukikwama popote, andika.

Mjomba wako,
Pancras


Ngara,
6 Oktoba 1996

Mjomba, shikamoo.

Mvua imeshika. Tumepanda maharage, na mama amelima kuliko sisi wote na mguu wake huohuo. Francisca anasimama kwa kushika ukuta. Migomba mitatu ilianguka kwa upepo, lakini ndizi zake zilikuwa zimekomaa, tukakamua rubisi, na majirani wanaomwita Nduwayo mkimbizi walikunywa wote.

Barua yako tuliisoma. Nduwayo alitaka nimgeuzie kwa Kirundi neno kwa neno. Ya mawe na ubongo alisikiliza huku akisafisha jembe. Nilipofika kwenye mfano wako akaweka jembe chini, akasema nirudie. Nikarudia. Akaniuliza kama hayo umeyaandika mwenyewe, na kama siku hiyo ulikuwa umekunywa chochote. Nikamwambia mjomba hanywi siku za kazi. Akacheka. Tangu Pasaka sikuwa nimemsikia akicheka, na usiku ule alilala mpaka jogoo.

Sasa ananitia wasiwasi kwa raha aliyo nayo. Amenunua viatu vya raba. Amewapa wenzake wa kambini vyombo vyake vya useremala wamtunzie.

Mjomba, lile la Muyinga ulilitoa wapi? Ulikuwa mfano tu? Maana mzee Havyarimana naye alisema hivyohivyo.

Njoo basi, hata kwa siku mbili.

Domisiana


Biharamulo,
30 Oktoba 1996

Mpwa wangu, marahaba.

Hongereni kwa kupanda. Huku mvua imekuja na upepo, bati la jiko limekwenda kwa jirani, yule mwenye mbuzi, naye anasema hajaliona. Mama Laurian anakohoa lakini ulimi haujapata ugonjwa. Tunasimamia mtihani wa kidato cha nne, na wanafunzi wanauangalia mtihani wa fizikia kama mtu anavyomwangalia chatu.

Kuja sasa ni vigumu. Kuna mtihani, kuna kusahihisha, na bati lenyewe ndilo hilo. Wiki iliyopita magari mawili yalitekwa porini. Shibuda alipita baadaye, akaona viatu barabarani. Hakutaka kunisimulia zaidi, nami sikumuuliza.

Unauliza kama ulikuwa mfano tu. Mfano ni mfano, Domisiana, lakini kanuni ni ya kweli. Ningeweza kumtaja Laurian anakwenda dukani, jibu lingekuwa lilelile. Kanuni haichagui mtu.

Huyo mzee Havyarimana ni nani? Ni mwalimu mwenzangu? Kama kambini kuna mtu wa fizikia, mpe salamu zangu na umwambie nina kiu ya mtu wa kubishana naye. Hapa nabishana na Mama Laurian, na yeye hushinda kwa kuondoka.

Vyombo vya useremala mtu huwatunzisha wenzake akiwa anasafiri. Mkwe anakwenda wapi?

Pancras


Ngara,
21 Novemba 1996

Mjomba wangu, shikamoo.

Mama hajui kama nakuandikia haya. Anakusalimu, na amekutumia maharage kidogo ya msimu uliopita kwa Shibuda. Francisca alipata homa, imepungua. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Nilikuficha, sasa nasema. Nduwayo anataka kuvuka kurudi kwao. Mama yake yuko peke yake, na tangu Pasaka hakuna aliyetoka huko akasema amemwona. Vita ya huko haijakwisha, na wanaovuka siku hizi wengi hawarudi. Nimemlilia. Nimemwambia mama akizeeka bila mtoto ni huzuni, na mtoto akikua bila baba ni nini? Hasikii.

Mwezi wa saba alikwenda kwa mzee Havyarimana. Si mwalimu, mjomba. Ni mpfumu, mpiga ramli wa kwao, yuko kambini. Aliyeyusha samli, akaimwaga kwenye maji, akaangalia ilivyoganda, akasema, "Utafika kwa mama yako." Lakini kwao mtu haendi safari nzito kwa neno la mpfumu mmoja. Hata kwetu, kabla ya mapadre, bibi alisema ilikuwa hivyo. Unamtafuta wa pili, wa mbali, asiyemjua wa kwanza, na humwambii kwa nini unauliza, ili asiseme ya kukupendeza. Wakipishana, safari haipo. Wakikubaliana, imekwisha. Wa tatu haulizwi, maana ni kuwatukana wale wawili.

Mimi ndiye niliyekutaja. Nilimwambia nina mjomba aliyesoma siri za dunia, tumuulize yeye. Akakubali, mradi nisikuambie sababu. Nilidhani mtu wa sayansi atasema kesho haijulikani, huo ni upuuzi, kaeni nyumbani. Nilikuwa na hakika. Ndiyo maana niliuliza kwa kuzunguka.

Wewe ukaandika jina lake, ukaandika Muyinga, ukaandika mto, ukaandika mama yake, ukasema kufika kwake kupo tayari. Nilirudi juu nikayasoma tena. Baadaye nikauliza kama ni mfano, ukajibu kanuni haichagui mtu. Hilo nalo nilimsomea, kwa sababu aliniona nikiifungua barua.

Anataka kula Noeli na mama yake. Nakuomba kitu kimoja. Andika kwamba ulikosea hesabu. Andika kwamba umeangalia tena na umeona hatafika. Mstari mmoja tu, na jina lako chini. Atakusikiliza, maana nyinyi wawili ndio aliowachagua.

Naogopa, mjomba.

Domisiana


Biharamulo,
8 Desemba 1996

Mpwa wangu mpendwa, marahaba.

Maharage yamefika, mwambie dada asante. Mama Laurian amepona. Radio inasema Wanyarwanda wote walioko huko kwenu warudi kwao kabla mwaka haujaisha, na tayari magari yameanza kuwa shida. Naiandika upesi ili Shibuda aondoke nayo kesho.

Barua yako nimekaa nayo siku kadhaa. Sikula vizuri. Nilikasirika kwanza kwa kugeuzwa mpiga ramli bila kuambiwa, halafu hasira ikaisha, nikaanza kuona aibu.

Sasa sikiliza, na umsomee mkwe yote. Nilikuandikia kama mtu anayejisifu. Nilikupa nusu ya somo. Nusu nyingine ni hii. Mbegu ya maharage isipoota kuna sababu, ni funza au ni maji, na ukifukua utaiona. Lakini yako madini ambayo chembe zake hupasuka zenyewe, moja leo, nyingine baada ya miaka elfu, na waliofukua mpaka chini hawajaona funza. Wengi wa wanafizikia wanaamini hayupo. Chembe mbili zinafanana kabisa, moja inapasuka, nyingine inabaki. Kwa hiyo hata dunia yenyewe huenda haijui kesho yake. Wako wanaobisha, na mimi sijui nani atashinda. Wala usidhani huo ndio uhuru wetu. Mtu anayetupwa huku na huku na bahati nasibu hana uhuru kuliko jiwe.

Tuseme basi nilikuwa sahihi, kesho ipo tayari. Bado hakuna mtu aliyesimama nje ya dunia akaisoma, si Havyarimana na samli yake, wala si mimi na chaki yangu. Na kama ipo, ipo pamoja na sababu zake. Mtu akifika ni kwa kuwa alitembea. Akibaki nyumbani akamlea mwanawe, ni kwa kuwa alikaa akafikiri, akaona mtoto. Kufikiri kwake ni mojawapo ya nguvu zinazosukuma. Anayesema "imeshapangwa, naenda tu" amejidanganya, maana ni yeye anayekwenda.

Na kuna jambo ambalo sikuwahi kulifundisha kwa sababu sikuwahi kuliona. Jiwe halisikii utabiri wake. Mtu anasikia. Ukimwambia mtu atafika, neno lako linaingia ndani yake na kuwa sababu kama sababu nyingine.

Unaniomba niandike kwamba hatafika. Domisiana, siwezi. Sijui kama hatafika. Nikiandika nisichokijua nikatia jina langu, nitakuwa mpfumu kweli, tena mpfumu mwongo. Miaka yote nawafundisha watoto waandike walichokiona na si wanachokitaka. Mwambie mkwe: mjomba anasema hajui, na hakuna anayejua. Mwambie namshauri kwa moyo wote asiende. Ushauri si ramli, lakini ndio nilio nao.

Ningekuja mwenyewe nimwambie uso kwa uso. Barabara ndiyo unayoijua.

Mjomba wako,
Pancras


Ngara,
19 Januari 1997

Mjomba, shikamoo.

Mama hajambo. Maharage tumevuna kiasi. Francisca anatembea, alianza siku ya pili baada ya Noeli, akatoka mlangoni mwenyewe.

Barua yako ilifika. Shibuda alikwama njiani na lori lake kwa sababu barabara ilijaa watu, Wanyarwanda wanarudishwa, kina mama na magodoro kichwani, watoto wamefungwa kamba wasipotee. Akaacha lori akatembea kipande. Alifika jioni, Nduwayo anafunga mzigo wake.

Nilimsomea yote. Alisikiliza kama mtu aliye kanisani. Nilipofika ulipoandika habari za mtoto alimchukua Francisca akampakata mpaka mwisho wa barua. Halafu akasema, "Mjomba ni mtu mwema. Mara ya kwanza alisema nitafika. Sasa anasema hajui. Hajasema sitafika."

Nikamwambia ameandika usiende. Akasema, "Huo ni upendo. Upendo haupigi ramli." Alfajiri akaondoka.

Juzi kafika kambini mwanamke wa mtaa wao kule, anaitwa Kezia. Nimekaa naye siku nzima. Nduwayo alifika, mjomba. Wewe na Havyarimana mlisema kweli. Alifika kabla ya Noeli, Kezia alimwona kwa macho yake. Nyumba haikuwepo. Mama yake aliuawa mwezi wa kumi na kaburi liko penye migomba. Alikaa hapo kwa mama yake, hakutaka kuondoka, watu wakimletea maji. Siku ya tatu wakaja wenye silaha, Kezia hajui ni wa upande gani, wakachukua wanaume watatu, naye mmoja wao. Hakusikia risasi. Hilo analirudia kila nikimuuliza, kwamba hakusikia risasi.

Mama anakulaumu. Anasema ulikuwa na mstari mmoja wa kuandika, ukaandika kurasa. Mimi sikulaumu. Nimeirudia barua yako ya kwanza mara nyingi, na inanipa usingizi. Uliandika kwamba hakuna anayechomoka kwenye mnyororo. Basi na wewe hukuweza kuandika vingine. Jiwe lilikuwa limeshaachana na mkono.

Naenda kumtafuta. Jumatatu ya tarehe tatu Februari kuna akina mama wanavuka, nitakwenda nao na Francisca mgongoni. Wanasema mwanamke mwenye mtoto hawamsumbui. Kwa Havyarimana nimeshakwenda. Aliangalia, akasema nitafika kwa mume wangu. Wa pili sina haja ya kumtafuta. Wa pili ni wewe, na ulishasema kanuni haichagui mtu.

Mama nimemwambia nakwenda kambini kwa Kezia kwa wiki moja. Usimwandikie.

Mpwa wako anayekupenda,
Domisiana


Biharamulo,
28 Januari 1997

Domisiana,

Sikusalimu, utanisamehe. Huku wazima, pole ya mume wako nitakupa mdomoni. Lori la Shibuda limejaa magunia mpaka juu na mbele tayari wako wawili, ndiyo maana barua inatangulia. Mimi nakuja na msafara wa Alhamisi. Nimemwambia mkuu wa shule, nimemwambia Mama Laurian, amelia, hakunizuia. Nilikuwa naogopa pori lile. Bati, mtihani, kusahihisha, yote yalikuwa woga. Bado naogopa.

Nimesoma mahali unaponisamehe. Msamaha huo siutaki. Ungeniambia nimemuua mkwe wangu kwa majivuno, ningeinamisha kichwa. Lakini usiniambie sikuweza kuandika vingine. Niliweza. Kalamu ilikuwa mkononi, mstari niliujua, wewe ulinipa maneno yenyewe. Nilikaa siku kadhaa nikachagua. Mtu yeyote akija na hesabu ya kuthibitisha kwamba sikuchagua, nitaisoma, nitaiona ni sahihi mstari kwa mstari, na nitamwambia anadanganya.

Dada Petronila nimemwandikia. Umenikataza, nimemwandikia, Shibuda anayo barua yake mkononi na atampa kabla ya kukupa wewe hii.

Sasa soma haya, ukiwa umekaa. Wewe mwenyewe umesema mimi ni wa pili. Sawa. Nimekubali kuwa wa pili. Havyarimana amesema utafika. Mimi nimeangalia na nimeona kwamba ukivuka mto huo hutafika kwa Nduwayo, na Francisca hatafika popote. Nimemwona mgongoni kwako, na nimeona mahali ambapo hayupo tena mgongoni. Hii si mfano. Ramli zimepishana, na wewe unajua zikipishana mtu anafanya nini.

Kaa nyumbani kwa mama yako mpaka nije. Wala usiniulize nimejuaje.

Pancras